Pointi 75 kwa 74: msimu ambao Montreal ilimzomea mfungaji wake

Ukifungua takwimu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, msimu wa 1954–55, utakuta wachezaji watatu wa juu wamepangwa hivi: Bernard Geoffrion pointi 75, Maurice Richard 74, Jean Béliveau 73. Wote watatu ni wa timu moja, Montreal Canadiens. Mtu asiyejua habari zake angesema huo ulikuwa mwaka wa raha tupu mjini Montreal. Kumbe ndio mwaka ambao mashabiki walivunja vioo vya mji wao wenyewe, na yule mwenye 75 akazomewa na watu wa kwao kwa kosa la kufunga magoli.

Msimu huu umeandikwa sana, na mara nyingi unasimuliwa kama hadithi ya watu wanyonge dhidi ya bwana mkubwa. Sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni kweli. Ila kuna ile pointi moja kati ya 75 na 74 inayonisumbua, na nadhani tukiifuata tutafika kwenye swali gumu zaidi: je, hukumu inaweza kuwa sahihi, na bado watu wakawa na sababu ya kutompokea hakimu?

Kwanza mchezo wenyewe. Hoki ya barafu huchezwa na watu sita kila upande, pamoja na kipa, wakiwa wamevaa viatu vya kuteleza na kushika magongo. Wanachogombania si mpira wa duara, ni kisahani kizito cheusi cha mpira. Ukifunga unapata pointi moja, na ukitoa pasi iliyozaa goli unapata pointi moja pia. Anayemaliza ligi akiwa na pointi nyingi kuliko wote hupewa tuzo yake. Enzi hizo NHL ilikuwa na timu sita tu: Montreal na Toronto za Kanada, na Detroit, Boston, New York na Chicago za Marekani. Kila timu ilicheza mechi 70, maana yake zilikutana mara 14 kwa msimu. Chuki zilipata muda wa kutosha kuiva.

Pili mji. Wakazi wengi wa Montreal walizungumza Kifaransa, lakini fedha zilizungumza Kiingereza. Benki, bima, reli, maduka makubwa, ofisi za mabosi: kote huko ukitaka kupanda cheo ilibidi uache lugha ya mama yako mlangoni. Canadiens ilianzishwa mwaka 1909 kwa nia ya kuwa timu ya wasema Kifaransa. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1950 meneja wake, Frank Selke, na kocha wake, Dick Irvin, wote walikuwa watu wa Kiingereza. Rais wa ligi, Clarence Campbell, naye alikuwa wa Kiingereza, na ofisi yake ilikuwa hapohapo Montreal, ndani ya jengo la kampuni ya bima ya Sun Life.

Katika mji huo Maurice Richard alikuwa kitu kingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa fundi wa karakana za reli, na yeye mwenyewe alisomea ufundi wa mashine. Alipoingia kwenye timu Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini msimu wa 1944–45 alifunga magoli 50 katika mechi 50, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote. Wakamwita Rocket. Wapinzani walimvuta jezi, walimpiga magongo, walimtukania asili yake, naye hakuwa mtu wa kugeuza shavu la pili. Alilipa, na mara nyingi alilipa kwa riba.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo labda ndiyo maana sehemu iliyonishika zaidi ilitokea nje ya barafu. Richard alikuwa na safu yake katika Samedi-Dimanche, gazeti la Kifaransa la wikiendi. Desemba 1953 Geoffrion alipigana kwa magongo na mchezaji wa New York, na Campbell akamfungia mechi zote nane zilizobaki dhidi ya timu hiyo. Richard akaitumia safu yake kumtetea mwenzake. Alimwita Campbell dikteta, akamtuhumu kuwa anawaonea wachezaji wa Kifaransa. Ligi ikamjia juu. Alilazimishwa kuomba radhi, akaweka dola 1,000 kama dhamana ya kwamba hatarudia, na safu ikafa.

Tuliweke hilo akilini. Mwaka mmoja na kidogo kabla ya fujo, mchezaji maarufu kuliko wote alikuwa ameshanyang'anywa kalamu kwa sababu alimtetea Geoffrion.

Msimu wa 1954–55 ulianza vizuri. Desemba Richard alifikisha goli lake la 400, wa kwanza katika historia ya ligi. Alikuwa na miaka 33 na bado alikuwa anaongoza kwa pointi. Tuzo hiyo hakuwahi kuipata maishani, na safari hii ilikuwa inanukia. Lakini mwezi huohuo, mjini Toronto, katika purukushani alimpiga mwamuzi msaidizi kwa glavu, akatozwa faini ya dola 250. Faili lake lilizidi kunenepa.

Jumapili, Machi 13, 1955, Canadiens walikuwa Boston. Hal Laycoe, beki aliyewahi kucheza timu moja na Richard, alimpiga gongo la kichwa. Damu ikatoka, baadaye alishonwa nyuzi tano. Richard alimfuata Laycoe na kumtwanga kwa gongo lake. Mwamuzi msaidizi, Cliff Thompson, alimshika ili kumtuliza. Richard alichomoka na kumpiga Thompson ngumi mbili za uso.

Hapa hakuna haja ya kupaka rangi. Mchezaji amempiga mwamuzi, na ni mara ya pili ndani ya msimu mmoja. Ingekuwa ligi yoyote ya mchezo wowote, angefungiwa. Machi 16 Campbell alimwita ofisini, akasikiliza pande zote, kisha akatoa uamuzi: Richard hatacheza mechi tatu za ligi zilizobaki wala mechi yoyote ya mtoano. Maana yake tuzo ya pointi iko hatarini, na kombe pia.

Nje ya Quebec wengi waliona ni haki, na wapo waliosema amehurumiwa. Campbell hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa mwanasheria aliyesoma Oxford, aliwahi kuwa mwamuzi wa hoki yeye mwenyewe, na baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa waliowashtaki wahalifu wa kivita wa Ujerumani. Alijua kuandika hukumu.

Lakini mji wa Montreal haukuisoma hukumu ile peke yake. Uliisoma pamoja na hukumu ya Geoffrion, na ile dola 1,000, na ile safu iliyozimwa, na kila fomu ya Kiingereza ambayo mtu amewahi kupewa kaunta huku akijibiwa kwa dharau. Sisi tunaojua maana ya kuhudumiwa kwa lugha ya mtu mwingine kwenye nchi yetu wenyewe hatuhitaji kuelezwa sana. Ukiwa umezoea kuhukumiwa na upande mmoja miaka yote, siku ukikosea kweli huwezi tena kuona kosa lako. Unamwona hakimu tu.

Kesho yake, Alhamisi Machi 17, Detroit Red Wings walikuja uwanja wa Forum. Timu hizo mbili zilikuwa zinafukuzana kileleni. Simu za vitisho zilikuwa zimemiminika ofisini kwa Campbell, lakini yeye alikuwa mhudhuriaji wa kawaida wa Forum na hakuona sababu ya kukaa nyumbani. Aliingia kipindi cha kwanza kikiwa kimeshaanza. Watu wakamwona. Mayai, nyanya na viatu vya mpira vikaanza kuruka. Richard mwenyewe alikuwa ameketi uwanjani kama mtazamaji, amevaa nguo za kiraia.

Kipindi kilipoisha Detroit wanaongoza 4–1, kijana mmoja alimsogelea Campbell akanyoosha mkono kana kwamba anataka kumsalimia, halafu akamchapa kibao. Muda mfupi baadaye bomu la machozi lililipuka. Watu waliofurika Forum wakaanza kutafuta milango huku wanakohoa. Mkuu wa zimamoto akaamuru uwanja ufungwe, na Detroit wakapewa ushindi. Waliotoka wakakutana na wengine waliokuwa wanaandamana nje. Wakashuka na barabara ya Sainte-Catherine wakivunja vioo, wakipindua magari na kupora maduka hadi usiku wa manane. Makumi walijeruhiwa, makumi walikamatwa. Hakuna aliyeripotiwa kufa, na hiyo ilikuwa bahati tu.

Siku iliyofuata meya Jean Drapeau alimlaumu Campbell kwamba kwenda uwanjani ilikuwa uchokozi. Aliyeutuliza mji ni Richard. Alikwenda mbele ya vipaza sauti vya redio na televisheni, akasema kwa Kifaransa na kisha kwa Kiingereza kwamba anaikubali adhabu yake, watu waache fujo, na kwamba atarudi mwaka ujao kuisaidia timu kuchukua kombe. Montreal ikatulia. Mtu aliyezuiwa kuandika safu ya wikiendi ndiye aliyeombwa azungumze hali ilipochafuka.

Sasa turudi kwa Geoffrion. Mechi mbili zilikuwa zimebaki. Timu ilikuwa bado inaitafuta nafasi ya kwanza, kwa hiyo hakuwa na namna ya kwenda barafuni akajifanya hajui kufunga. Alifunga, akatoa pasi, akampita Richard kwa pointi moja. Na watu wa Montreal wakamzomea. Si Mwingereza huyu. Ni kijana wa Montreal, msema Kifaransa kama wao, yuleyule ambaye Richard alipoteza safu yake kwa kumtetea.

Hili ndilo ninalolikuta limerukwa katika simulizi nyingi za kishujaa. Hasira iliyoanza na sababu nzuri ilifika kwa Campbell kama kibao kimoja, ikafika kwenye maduka kama mawe, halafu ikatua kwa mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Campbell aliondoka Forum na cheo chake, na aliiongoza ligi hadi 1977. Geoffrion ndiye aliyebaki barafuni kusikiliza.

Detroit walimaliza na pointi 95, Canadiens 93. Tofauti ni mbili, sawasawa na pointi za mechi moja. Nafasi ya kwanza iliwapa Detroit haki ya kucheza nyumbani mechi ya saba ya fainali, endapo ingefikia huko. Ikafikia. Katika fainali ile kila mechi ilishindwa na mwenyeji, saba kwa saba, na Aprili 14 Detroit wakachukua kombe nyumbani kwao kwa 3–1. Huwezi kuthibitisha kwamba ushindi wa mezani wa Machi 17 uliamua kombe. Tayari walikuwa wanaongoza 4–1. Ila hesabu hiyo ilibaki vichwani mwa watu.

Ahadi ya Richard ilitimia kupita kiasi. Canadiens walichukua kombe mwaka 1956, na 1957, na 1958, na 1959, na 1960, mara tano mfululizo, kisha Richard akastaafu. Tuzo ya pointi hakuipata kamwe.

Kwa wapenzi wa vitabu, msimu huu ulizaa maandishi mengi. Siku nne tu baada ya fujo, André Laurendeau aliandika katika gazeti la Le Devoir makala ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ni "Wamemuua ndugu yangu Richard". Mwaka 1963 mwandishi huyohuyo aliteuliwa kuwa mwenyekiti mwenza wa tume ya serikali kuhusu lugha mbili za Kanada. Tume hiyo ilionyesha kwa takwimu kwamba wasema Kifaransa wa Quebec walikuwa karibu na mkia kwa kipato ndani ya mkoa wao wenyewe. Roch Carrier naye aliandika hadithi fupi kuhusu kijiji ambacho watoto wote huvaa jezi namba 9 ya Richard, na mama mmoja asiyeielewa fomu ya Kiingereza ya duka anaandika barua kwa Kifaransa kuagiza jezi ya mwanawe. Inayoletwa ni ya Toronto. Ni hadithi ya kuchekesha, ila ukishaujua msimu huu kicheko kinakukwama kidogo.

Profesa wa fasihi Benoît Melançon, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu Richard, anatukumbusha tuwe waangalifu na namna hekaya zinavyotengenezwa. Onyo lake linafaa. Mabadiliko makubwa ya Quebec ya miaka ya 1960 hayakuanzishwa na kisahani cha mpira, na Richard mwenyewe alisema mara nyingi kwamba yeye ni mcheza hoki tu.

Basi jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni ndiyo. Campbell alikuwa sahihi kumfungia mtu aliyempiga mwamuzi, na Montreal ilikuwa na sababu ya kutomwamini. Mambo yote mawili yalikuwa kweli usiku uleule. Richard alifariki Mei 2000 akazikwa kwa heshima za kitaifa. Geoffrion alifariki Machi 11, 2006, siku ileile ambayo Canadiens walikuwa wamepanga kuipandisha juu ya dari jezi yake namba 5. Waliipandisha hivyohivyo jioni ile mbele ya familia yake, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi.