Esanse na petroli

Msafiri atokaye pwani, akishuka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, Katanga, na atahadhari: akiomba petroli huenda akapewa mafuta ya taa, kwani huku, kwa athari ya Kifaransa, mafuta ya gari huitwa esanse, na dizeli huitwa mazuti. Na esanse ndiyo iliyoendesha hata magari ya zamani: katika gari la Ford Model T, iliyoanza kuundwa mwaka 1908, esanse hiyo ilishuka kwa uzito wake, bila pampu, toka tangi la chini ya kiti hadi kwenye kabureta. Na fundi aliyetaka kuihakiki njia yake alifungua mrija penye kabureta, akakinga chombo, akatazama: ikichuruzika kwa unyonge, ama mrija una taka, ama kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kimeziba. Basi, msomaji, ukiwa Katanga, taja esanse.