Utalii nchini Shelisheli
Utalii nchini Shelisheli ni nguzo ya uchumi pamoja na uvuvi wa jodari. Ulikua baada ya uwanja wa ndege wa kimataifa kufunguliwa mwaka 1971 kisiwani Mahé. Awali wageni walifika kwa meli, nyingine zikitokea Mombasa.

Mahé kuna mji mkuu Victoria, soko lake, na njia za kupanda milima ya Hifadhi ya Morne Seychellois. Kisiwa cha La Digue hujulikana kwa ufuko wa Anse Source d'Argent na miamba yake ya graniti. Wageni wengi huzunguka kwa baiskeli.

Kivutio cha pekee kiko Praslin: bonde la Vallée de Mai, Urithi wa Dunia tangu 1983. Humo huota coco de mer, mti wa jamii ya mnazi wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani; moja huweza kuzidi kilogramu 20. Mbegu huchukua miaka 6 hivi kukomaa, hivyo kila inayoibwa ni hasara kubwa kwa msitu. Mgeni anaweza kununua moja, lakini haruhusiwi kuitoa nchini bila kibali.

Kisiwa kidogo cha Cousin kilinunuliwa mwaka 1968 ili kuokoa aina ya ndege waliobaki chini ya 50. Leo hutembelewa kwa mashua. Atolli ya Aldabra, yenye makumi ya maelfu ya kobe wakubwa, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, na watalii wachache tu huifikia.