Nani Alisema Saikopathi Ana Akili Nyingi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Hare alikuwa mwanasaikolojia mgeni katika gereza moja la British Columbia, Kanada. Hata kiti hakijapata moto, akaingia mfungwa ambaye katika kitabu chake Hare anamwita Ray. Akachomoa kisu alichojitengenezea, akasema atamchoma nacho mfungwa mwenzake. Hare hakumripoti, na Ray akajua amemshika. Akaomba apangiwe jikoni, Hare akamwombea. Miezi michache baadaye sakafu ikafumuka chini ya meza ya mkuu wa gereza. Kumbe chini ya mbao palikuwa na mtambo wa gongo wa Ray.

Wengi tungesema Ray ni kichwa. (Ingawa mwenye kichwa asingepikia gongo miguuni pa mkuu.)

Dhana kwamba saikopathi, yaani laghai asiye na majuto, ana akili nyingi ina umri. Mwaka 1941 Hervey Cleckley, daktari wa magonjwa ya akili huko Augusta, Georgia, Marekani, alichapisha The Mask of Sanity. Katika orodha ya dalili 16 iliyomo kwenye matoleo ya baadaye, ya kwanza ni haiba ya juujuu pamoja na akili nzuri. Lakini tazama aliowasimulia: wengi wametoka familia zenye uwezo, wamesoma, na ndugu wamechoka kuwalipia madeni. Kwa maoni yangu akili ile ilitoka kwao, haikuletwa na maradhi.

Hare mwenyewe aliiacha. Kipimo chake cha usaikopathi, kilichotoka kwa sura mpya mwaka 1991, kina vipengele 20 na alama 40. Ulimi mtamu umo, uongo umo, kukosa majuto kumo. Akili haimo. Bahati mbaya, mwaka huohuo sinema ya The Silence of the Lambs ikamleta Hannibal Lecter, daktari msomi anayekula watu na kusikiliza Bach. Nani angesoma kipimo?

Mwaka 2019 uchambuzi uliounganisha tafiti zaidi ya 100 ulikuta uhusiano hafifu mno kati ya usaikopathi na akili, tena wa kushuka: dalili zikizidi, alama za akili hupungua kidogo.

Ray hakuhitaji alama hizo. Alihitaji mtu laini, akampata. Hare alipoacha kazi, gari lake lilikuwa limetengenezwa kwenye gereji ya gereza, ambako Ray alikuwa amehamia. Njiani, akishuka kilima, alikanyaga breki, hakuna kitu. Fundi akakuta njia ya mafuta ya breki imechezewa ili ivuje polepole.