Nyumba ya Tippu Tip, Shangani, Mji Mkongwe

Tazama kwanza ngazi za mlangoni, marumaru nyeusi na nyeupe, kisha mlango wenyewe wa mbao za nakshi. Mwenye nyumba alitaka mgeni ajue hadhi yake kabla hajabisha hodi.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliishi hapa baada ya kurudi kutoka Kongo hadi alipofariki mwaka 1905. Misafara yake ya biashara ilikopeshwa mtaji na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Faida ilitokana na pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Watu waliotekwa huko Manyema, mashariki mwa Kongo, hawana jina hata moja ukutani hapa, na fahari hii yote ni jasho na damu yao.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, za kuzuia joto. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba liligawanywa, likakaliwa na familia nyingi. Adui mkubwa wa majengo haya ni maji: paa likivuja, ncha za boriti huozea ndani ya ukuta na sakafu ya juu hulegea. Fundi azibe nyufa kwa chokaa. Saruji hunasa unyevu, plasta ikabanduka.