Masinde Yupi?

Makumbusho ya Kitale yalianza mwaka 1926, na yalianza na wadudu. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa viumbe kuliko watu wengi wanavyopenda watu, alikusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, akayapa makumbusho yake jina lake mwenyewe. Yalikuwa ya kwanza kuanzishwa mikoani Kenya. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyo huo, na jengo tunaloingia leo likafunguliwa Desemba 1974.

Nilifika Jumamosi mapema, nikazunguka kwenye makabati ya vioo. Kipepeo aliyechomwa pini miaka mingi iliyopita bado ana rangi zake, wallahi. Lakini nilikuwa nikiwaza mambo mengine mawili ya mwaka huo wa 1926. Reli ilifika Kitale, mahindi ya walowezi yakapata njia ya kwenda baharini. Na Kenya na Uganda zikaanza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Ndiyo, sabuni. Kombe hilo ndilo babu wa mashindano tunayoyajua sasa kama CECAFA.

Kuna mtu mmoja aliyeguswa na hiyo reli na hilo kombe, na ndiye aliyenitoa nyumbani siku hiyo: Elijah Masinde.

Taja jina hilo popote Bungoma, utaambiwa nabii, au utaambiwa mwendawazimu, kulingana na unayemuuliza. Wachache watakwambia mchezaji. Lakini alianzia kwenye mpira. Alizaliwa Kimilili karibu mwaka 1910, akawa nahodha wa timu ya kwao, na wanahistoria hutaja mwaka 1930 kuwa ndio alioichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Gossage. Hebu fikiria: kijana wa Kimilili anavaa jezi ya koloni, wakati ng'ambo ya pili, huku Trans Nzoia, ardhi imekatwakatwa mashamba ya wazungu na watu wa kwao wanaingia humo kama vibarua tu.

Saa tano nilipanda matatu ya Webuye. Dereva aliweka litungu, ile ala ya Wabukusu ya nyuzi saba, sauti ikapanda juu ya injini. Mzee aliyeketi kando yangu akaanza kugonga goti kwa kidole. Litungu si muziki wa kunyamazia. Mpigaji anataja watu, anataja koo, anamsifu huyu na kumchapa yule kwa maneno, na msikilizaji anangoja ajue kama jina la kwao litaguswa.

"Papa," nikamuuliza, "Elijah Masinde nyinyi mlimjua kwa nini?"

Akaniangalia kwanza. "Wazee wetu walimjua kwa mpira, kijana wangu. Mambo ya dini yalikuja baadaye. Mtu hawezi kukusanya watu kama hawajawahi kumpigia makofi."

Sentensi hiyo niliiandika tukipita Kamukuywa, mahali barabara ya Kimilili inapochepuka. Sijui kama ni kweli yote, lakini inaeleza jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Masinde alikuwa mzee wa kanisa la Friends, wale Quaker, akatengwa kwa kuoa mke wa pili. Akawa karani wa kupeleka hati za baraza la wenyeji. Kufikia 1944 alikuwa akigombana waziwazi na serikali juu ya kazi za lazima za mashambani, na mwaka 1945 wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa kama miaka miwili. Ukimwita mtu kichaa, huna haja ya kujibu swali lake kuhusu ardhi.

Karibu na Webuye, mzee alinigusa bega na kunyosha kidole dirishani: Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia kwenye boma huko juu wakapigwa na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley, mamia walikufa. Septemba 1947, miezi michache baada ya kutoka Mathari, Masinde aliwapeleka maelfu ya watu mahali hapo hapo kuwakumbuka wafu. Dini ya Msambwa ikawa kubwa kiasi cha kutisha. Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi, watu wakafa, dini ikapigwa marufuku, naye akakamatwa na kupelekwa Lamu. Alirudi karibu na uhuru, na serikali ya Waafrika nayo ikamfunga tena. Alifariki mwaka 1987.

Nilishuka Kanduyi na kutembea hadi uwanja mkubwa wa Bungoma, ule uliofanyiwa Madaraka Dei ya 2024. Langoni nilimkuta kijana wa bodaboda anakula mahindi ya kuchoma.

"Huu ndio uwanja wa Masinde?"

"Ndio. Masinde Muliro."

Masinde Muliro naye alistahili. Alikuwa mwanasiasa asiyeogopa, mzaliwa wa Kimilili vilevile, akafa mwaka 1992 akitua tu Nairobi kutoka London, katikati ya vita vya vyama vingi. Simnyang'anyi. Lakini kati ya Masinde hao wawili, mmoja ndiye aliyeichezea nchi, na kiwanja kina jina la mwenzake.

Nilimwambia kijana. Akaacha kutafuna.

"Yule wa Msambwa? Alicheza mpira? Namba ngapi?"

Sikuwa na jibu. Upande wa pili wa ua, vijana walikuwa wamegawana timu mbili, fulana na vifua wazi, na mmoja wao alikuwa anawapanga wenzake kwa kelele na mikono hata mpira ukiwa mbali naye. Yule wa boda alifuta mikono, akakaza kofia.

"Kaa hapa," akasema, "mwenye kelele huyo ni binamu yangu. Tuone kama watashinda."