Daftari la Usiku

Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu, na baadaye nilipokuwa mkuu wa shule, nilisisitiza jambo moja hata wanachuo wakanitania kwalo: daftari la mahudhurio halijazwi kwa kukisia. Mwalimu asimame, aite majina, aone sura. Sikudhani kwamba nikishavuka miaka sabini nitaitwa jina mimi mwenyewe, tena nikiwa usingizini.

Nina maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Koo hulegea, njia ya hewa huziba, mtu hukaa sekunde kumi au ishirini bila kuvuta pumzi, kisha hushtuka akikoroma. Asubuhi hana habari. Mke wangu ndiye aliyejua. Mimi nilijua kusinzia tu, mara moja mbele ya mgeni rasmi.

Zamani mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa koo apate pa kupumulia. Mwezi wa Juni 1980, huko Sydney, Australia, mgonjwa mmoja alikuwa ameshashauriwa hivyo, ndipo daktari Colin Sullivan alipomwomba ajaribu kwanza, kwa usiku mmoja, kusukumiwa hewa puani ili koo lisijifunge. Mashine za mwanzo zilitumia mota ya kufyonzea vumbi, zikinguruma, na barakoa ilibandikwa usoni kwa gundi kila usiku. Mgonjwa yule alilala. Habari za wagonjwa 5 zilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1981.

Tiba ikapatikana, likabaki suala la mahudhurio. Madaktari walimwuliza mgonjwa, nao wakamsadiki. Mwaka 1993 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 35 ambao mashine zao zilitiwa kifaa cha kurekodi matumizi. Asilimia 60 walidai kuitumia kila usiku. Waliofikisha angalau saa 4 kwa asilimia 70 ya siku walikuwa asilimia 46 tu. Nilipozisoma tarakimu hizo sikuwacheka. Nami nilimwambia daktari wangu “kila usiku”, bila haya, ilhali barakoa yangu ilikuwa mezani tangu saa saba.

Mwaka 2008 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilikifanya kipimo hicho kuwa sharti: mgonjwa mpya akifikishe ndani ya miezi 3 ya kwanza, ama malipo ya mashine yakome. Hapo daftari likageuka kiboko. Kiboko nakifahamu, nilikitumia ujanani. Hakikumleta mtoto shuleni masika. Aliyemleta ni mwalimu aliyekwenda nyumbani kwao akakuta mto umefurika.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa California, wagonjwa 1,455. Baadhi yao mashine zilipeleka habari za usiku kwa mtandao wa simu, na matumizi yakipungua mgonjwa akaletewa ujumbe. Wenye huduma ya kawaida walivaa barakoa wastani wa saa 3.8 kwa usiku. Waliofuatiliwa hivyo, saa 4.4. Si muujiza. Lakini ujumbe ule ulitoka kwa kompyuta, na kompyuta haimwulizi mtu anaumia wapi.

Mwanangu, muuguzi huko Uingereza, ndiye anayesoma namba zangu katika simu yake. Wiki ya kwanza alipiga.

“Shikamoo baba. Jana saa moja na nusu tu?”

“Marahaba. Mashine ni mbovu.”

“Si mbovu, baba. Hewa inavuja, naona hapa. Barakoa inakuumiza wapi?”

Inaniumiza juu ya pua, nikamwambia, na nilikuwa naona aibu kulalamika. Akanitafutia ndogo zaidi.

Sikuzoea bado. Ni jambo zito kwa mzee kujua kwamba binti yake anaiona saa aliyovua barakoa. Jana nilifikisha saa tano na dakika arobaini. Umeme ukikatika usiku kucha namba huwa sifuri, na simu hulia kabla sijanywa chai.