Daktari Humuuliza Nani? Hoja Dhidi ya Dhana ya Uvivu

Katika sayansi ya taarifa, wataalamu wa kazini wamebebeshwa shtaka la siku nyingi. Mhandisi, wakili au daktari, inadaiwa, huokota taarifa iliyo karibu na kuiacha iliyo bora kwa sababu ya uvivu. Wanaodai hivyo huegemea kitabu cha George Zipf cha mwaka 1949 kuhusu kanuni ya juhudi ndogo, pamoja na utafiti wa Gerstberger na Allen wa mwaka 1968, uliobaini kuwa wahandisi walichagua chanzo kwa wepesi wa kukifikia kuliko kwa ubora wake. Matokeo hayo hayana kasoro. Kasoro iko katika hukumu iliyojengwa juu yake.

Kwamba wataalamu huulizana, hakuna anayebisha. Leckie, Pettigrew na Sylvain waliliweka wazi mwaka 1996. Ubishi uko kwenye sababu, na hapo ushahidi mzito zaidi ni wa Covell, Uman na Manning, waliochunguza madaktari 47 wa Los Angeles na kuchapisha matokeo mwaka 1985.

Walipoulizwa kwa jumla, madaktari hao walisema hupata swali lisilo na jibu mara moja hivi kwa wiki, na kwamba tegemeo lao ni vitabu na majarida. Kisha watafiti wakawahoji baada ya kila mgonjwa. Picha ikageuka: yalizuka maswali takriban mawili kwa kila wagonjwa watatu. Asilimia 30 tu yalijibiwa mgonjwa akiwa bado yupo, na kwa kawaida jibu lilitoka kwa daktari mwingine au mhudumu mwingine wa afya.

Kwa nini mtu, na si kitabu? Chukua swali la dozi kwa mjamzito mwenye shinikizo la damu. Jarida hueleza kundi la wagonjwa. Daktari mwenzake huanza kwa kuuliza: mimba ina miezi mingapi? Figo zikoje? Anatumia dawa gani nyingine? Kabla ya kujibu, amelinyoosha swali lenyewe. Hiyo ni kazi ya kupima na kuchuja taarifa, na haiwezi kuitwa uvivu. Hata Gerstberger na Allen walikiri kwamba mazoea na chanzo hukifanya kionekane chepesi kufikiwa. Wepesi huo, basi, ni tunda la miaka ya kukijaribu na kukiamini.

Itasemwa kwamba mwenzake naye anaweza kukosea. Ni kweli, lakini hatari kubwa zaidi iko kwingine. Ely na wenzake, mwaka 1999, waliandika maswali 1,101 ya madaktari 103 wa familia huko Iowa. Asilimia 64 hayakufuatiliwa papo hapo. Yaliyofuatiliwa yalitengewa wastani wa chini ya dakika mbili, na mawili tu yalifikia hatua ya kupekua machapisho kwa utaratibu rasmi. Anayeuliza amekwisha kuwazidi walioacha swali lipite.

Sera nyingi bado hudhani kinachokosekana ni machapisho. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, umezifungulia taasisi za nchi maskini, za Tanzania zikiwamo, maelfu ya majarida, na wahadhiri wamefaidika sana. Tabibu aliye peke yake kwenye zamu ya usiku katika kituo cha afya anahitaji kitu cha ziada: bingwa wa kupigiwa simu, ambaye kazi hiyo imo kwenye ratiba yake na inalipwa.

Tafiti za Covell na Ely ni za Marekani, tena za kabla ya simujanja, hivyo huenda uwiano wake ukawa tofauti Dodoma au Kisumu. Atakayetaka kuupima aweke kando hojaji, asimame mlangoni mwa kliniki, na amuulize daktari kila mgonjwa anapotoka.